Hewa kavu ya kiangazi na mashini ya kuinyevusha



Baba mmoja wa Lubumbashi ametuletea barua fupi. Asema ya kwamba mtoto wake wa miaka miwili anakohoa kila usiku tangu mwezi wa sita ulipoanza, midomo yake imepasuka, na pua yake imetoka damu mara mbili. Jirani mmoja amemshauri aweke chungu cha maji juu ya mbabula ndani ya chumba cha kulala, ili mvuke ulainishe hewa. Jirani mwingine amemwambia: Uza baiskeli yako, ununue mashini ya kunyevusha hewa, ile ambayo juu ya sanduku lake imeandikwa kwa Kifaransa humidificateur. Naye atuuliza: Nimsikilize nani?

Tumjibu kwanza juu ya mbabula, maana jambo hilo haliwezi kungoja hata usiku mmoja. Baba, usiingize kamwe mbabula yenye makaa katika chumba cha kulala, iwe na maji juu yake au isiwe nayo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ni moshi; ndiyo sababu huwasha mbabula uani, wakangoja moshi uishe, kisha huiingiza ndani kwa moyo mtulivu makaa yakiwa mekundu. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu hiyo kwa wingi! Hewa hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, na mwenye kulala hana dalili ya kumwamsha. Kama mtu ameamka usiku akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu na kichefuchefu, na mbabula imo chumbani, asikae kutafuta sababu nyingine: afungue mlango, awatoe watoto wote nje, ndipo waende hospitali. Twajua baridi ya mwezi wa saba katika Katanga, hata sisi tumetetemeka chini ya blanketi mbili. Lakini afadhali blanketi ya tatu.

Neno la pili ni juu ya kikohozi chenyewe. Hewa kavu hukausha koo na pua, hupasua midomo, hutoa damu puani. Hayo ni kweli. Lakini hewa kavu haileti homa kali, wala haimfanyi mtoto ahemehe. Mama na akae karibu na mtoto aliyetulia, amfunue kifua, ahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi miwili mpaka kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi, na yule wa mwaka mmoja mpaka mitano akipumua mara 40 au zaidi, huenda ugonjwa umeingia mapafuni. Apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Vilevile kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, au kama anakataa kunyonya na kunywa, asicheleweshwe. Na kikohozi kilichopita majuma mawili, kwa mtoto au kwa mtu mzima, chapasa kupimwa kwa ajili ya kifua kikuu. Hakuna mashini inayoponya kifua kikuu.

Sasa tuje kwenye hewa. Wanafunzi wetu na wachukue kalamu, maana hapa pana hesabu. Hewa yenye joto yaweza kubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Katika digrii 20, meta moja ya ujazo ya hewa yaweza kubeba gramu 17 hivi za maji. Katika digrii 10 yaweza kubeba gramu 9 tu. Katika miezi ya sita na ya saba, usiku wa Lubumbashi hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Hewa hiyo, hata kama imejaa maji nusu na zaidi, ikiingia chumbani na kupata joto la watu na la kuta, huonekana kavu mno, kwa kuwa uwezo wake wa kubeba umekua lakini maji yake hayakuongezeka. Kisha mwezi wa tisa na wa kumi jua huwaka kweli kweli kabla ya mvua, majani yamekwisha kuungua, vumbi laruka kila mahali, na hewa hukauka zaidi.

Tuchukue chumba cha meta 4 kwa 3, chenye kimo cha meta 2 na nusu: ndizo meta 30 za ujazo. Hewa yake ikiwa na unyevu wa asilimia 30, nasi twataka asilimia 45, yatuhitaji gramu 80 za maji hivi. Ni kidogo, hata kikombe hakijai. Lakini nyumba hupumua kwa nyufa za madirisha na chini ya mlango. Tukikadiri ya kwamba hewa yote hubadilika mara moja kila saa, basi kila saa yataka gramu 80 nyingine; kwa usiku wa saa nane ni zaidi kidogo ya nusu lita. Shikeni hesabu hiyo, itatusaidia sokoni.

Je, beseni la maji chini ya kitanda latosha? Halitoshi. Maji hutoka juu ya uso wake tu, na uso wa beseni ni mdogo. Asubuhi utakuta limepungua kidogo sana. Tena beseni lililo wazi ni hatari kwa mtoto anayetambaa, na mbu hulipenda. Taulo kubwa iliyoloweshwa, ikakamuliwa kidogo na kuanikwa juu ya kamba chumbani, ina uso mkubwa pande zote mbili, nayo hutoa maji mara nyingi kuliko beseni. Mbili zikianikwa jioni, zitatoa karibu kile chumba kinachotaka. Nguo zilizofuliwa zafanya kazi ile ile. Asubuhi zitolewe juani zikauke kabisa. Familia nyingi hazihitaji zaidi ya hayo, pamoja na kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, ili vumbi lisipande, na kuwanywesha watoto maji mara kwa mara. Kwa hiyo, baba, tafadhali usiuze baiskeli kwanza.

Hata hivyo wako wenye haja ya mashini na wenye uwezo wa kuinunua, na wengine wamekwisha kuinunua pasipo kuelewa kazi yake. Ziko namna tatu. Ya kwanza huchemsha maji na kutoa mvuke wa moto. Mvuke huo hauna vijidudu, maana moto umeviua. Lakini mashini hii hula umeme mwingi, mara kumi na zaidi kuliko nyingine, na mtoto akiivuta waya itamwagia maji ya moto. Nyumbani mwenye watoto wadogo sisi hatuipendi. Ya pili ina utambi au karatasi nene inayonyonya maji, na feni inayopuliza hewa juu yake. Haitoi ukungu unaoonekana, ndiyo sababu wanunuzi huidharau wakisema haifanyi kazi. Kumbe ndiyo yenye utaratibu mwema, kwa kuwa hewa ikikwisha kupata maji ya kutosha, utambi hutoa kidogo zaidi. Lakini utambi huo hubadilishwa, na kabla ya kununua muulize mfanya biashara kama anao wa akiba. Ya tatu ina kisahani kidogo kinachotikisika upesi kupita nguvu ya masikio yetu, kikayavunja maji kuwa ukungu wa baridi. Ni nyepesi, ni kimya, haidai umeme mwingi, nayo ndiyo inayojaa sokoni. Ndiyo pia inayotaka uangalifu kuliko zote, kwa sababu lolote lililomo ndani ya maji yake, lile hurushwa hewani: chokaa, uchafu, vijidudu, yote.

Zile ndogo zenye taa za rangi, zinazobeba glasi moja ya maji na kuuzwa kwa ajili ya manukato, ni mapambo. Rudini kwenye hesabu yetu: chumba kile chataka zaidi ya nusu lita kwa usiku. Tafuteni tangi la lita mbili au tatu, lenye mdomo mpana wa kupitisha mkono wote na brashi. Tangi ambalo mkono hauingii halitasafishwa, hata mwenyewe aahidi nini. Na pamoja na mashini mnunue kipimaunyevu kidogo, maana ngozi yetu si shahidi mwema. Kama mna shaka nacho, wekeni chumvi ya jikoni katika kifuniko cha chupa, itieni maji machache iwe kama uji mzito, mfunge kifuniko hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Baada ya saa nane chapasa kuonyesha asilimia 75. Kikionyesha 70, mjue chapunguza tano. Wanafunzi wetu walifurahi sana kwa jaribio hilo, ingawa mmoja alionja chumvi.

Unyevu wa asilimia 40 mpaka 50 watosha. Ukipita 60, ukuta wa nyuma ya kabati huota ukungu mweusi, na wadudu wadogo wa godoro huongezeka. Hapo wenye pumu watateseka kuliko walivyoteswa na ukavu. Kioo cha dirisha kikitiririka maji asubuhi, zimeni mashini.

Juu ya maji, yaliyo bora ni yale yasiyo na chokaa, yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji. Wengine hukimbilia wauza betri. Sisi tunawaonya: wauzaji hao huuza asidi pia, na chupa zafanana. Afadhali maji yaliyochemshwa na kupoa, yakamwagwa polepole ili masimbi yabaki chini. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chokaa yote. Mkiona vumbi jeupe juu ya meza, ndiyo chokaa hiyo, nayo mtoto anaivuta kifuani. Hapo mwondoe mashini chumbani mwake, mrudie taulo.

Kusafisha ni kazi ya kila siku. Asubuhi mwagieni nje maji yaliyobaki, pangusieni tangi kwa kitambaa safi, liacheni wazi likauke. Kila siku ya tatu, chomoeni waya, tieni siki na maji kwa kipimo sawa, mngoje nusu saa, msugue kwa brashi laini, msuuze mara nyingi. Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Mwaka mmoja umeme ulikatika siku kadhaa, tukaisahau mashini yetu pembeni na maji yake ndani. Umeme uliporudi usiku, iliwaka yenyewe, na chumba kikanuka matope ya mtaroni. Wote wa nyumbani walikohoa juma zima, nasi tulikuwa tumeinunua ili wasikohoe! Yetu yalikuwa madogo. Katika kisiwa cha Kipro, mwaka 2008, mashini ya namna hii katika chumba cha watoto wachanga ilirusha vijidudu viitwavyo lejionela. Watoto tisa waliugua, watatu wakafa.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo twaliogopa kwa sababu akina mama wetu wanapenda sana usafi. Msitie kamwe dawa ya kuua vijidudu ndani ya maji ya mashini inayofanya kazi: si javeli, si dawa ya sakafu, si mafuta ya kifua. Katika Korea ya Kusini, tangu mwaka 1994, ziliuzwa dawa za kutia katika maji ya mashini hizi, kwa nia ya kuyaweka safi. Mwaka 2011 waganga walitambua ya kuwa wagonjwa wa mapafu walioletwa kwao, wengi wao wanawake wenye mimba na watoto wadogo, walikuwa wamevuta dawa hiyo usiku kwa usiku. Mamia ya watu walikufa. Wazazi walikuwa wameitia kwa mikono yao, kwa upendo, kandokando ya vitanda vya watoto wao. Dawa ambayo hainidhuru mkononi yaweza kuniua mapafuni. Mkitaka kusafisha kwa javeli, iwe mashini imezimwa, kijiko kimoja katika lita nne za maji, kisha msuuze mpaka harufu yote iishe. Wala msiichanganye na siki, kwa maana mchanganyiko huo hutoa klorini, nayo ni sumu.

Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, hewa hujaa maji yenyewe. Isafisheni mashini, ikausheni siku mbili, mwiweke juu ya kabati bila kifuniko chake.

Baba aliyetuandikia na aanike taulo mbili jioni hii, na mbabula ibaki uani. Kesho asubuhi amhesabu mtoto pumzi, na kwa kuwa kikohozi hicho kimepita majuma mawili, ampeleke zahanati hata kama hesabu ni njema. Habari ya mashini tutaizungumza naye atakaporudi kutoka huko.