Aprili 1994: Afrika ilipofurahi kusini, ikaomboleza katikati

MWAKA wa 1994 ulilionyesha bara la Afrika furaha kuu na msiba mkuu, na yote mawili yalitokea katika mwezi mmoja.

Kati ya Aprili 26 na 29, takriban watu milioni 20 walijitokeza kupiga kura nchini Afrika Kusini. Wengi wao walifanya hivyo kwa mara ya kwanza maishani, akiwemo Nelson Mandela mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka 75. Mei 10 aliapishwa mjini Pretoria kuwa rais, na utawala wa ubaguzi wa rangi ukazikwa rasmi.

Siku hizo hizo, nchini Rwanda, watu walikuwa wakiuawa kwa mapanga na marungu kwenye vizuizi vya barabarani, makanisani na shuleni.

Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa usiku wa Aprili 6 ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Alikuwa akitoka Dar es Salaam kwenye kikao cha viongozi wa kanda, na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi aliangamia pamoja naye. Katika muda wa siku 100 hivi zilizofuata, watu wapatao 800,000 waliuawa. Wengi wao walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa siasa za chuki. Serikali ya Rwanda husema idadi hiyo ilipita milioni moja.

Tangu wakati huo, wapo wanaodai kuwa ulimwengu haukuwa na habari, kwa kuwa macho yote yalikuwa yameelekezwa Afrika Kusini. Ni kweli kwamba wanahabari walimiminika huko kwa maelfu, ilhali Rwanda walibaki wachache mno.

Hata hivyo, hoja hiyo haina mashiko. Waliokuwa na uwezo wa kuamua hawakungoja kusoma magazeti ndipo wajue.

Mnamo Januari 11, miezi mitatu kabla ya mauaji kuanza, Jenerali Roméo Dallaire wa Canada, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alituma ujumbe New York. Alieleza kuhusu silaha zilizofichwa Kigali, na hofu ya mtoa habari wake kwamba Watutsi walikuwa wakiorodheshwa ili waje kuuawa. Alipoeleza nia yake ya kuzitwaa silaha hizo, alikatazwa.

Aidha, Rwanda yenyewe ilikuwa mwanachama wa Baraza la Usalama mwaka huo. Mwakilishi wa serikali iliyosimamia mauaji aliketi katika meza ile ile iliyojadili mauaji hayo.

Kilichokosekana, basi, ni nia. Oktoba 1993 Marekani ilikuwa imepoteza wanajeshi 18 katika mapigano ya Mogadishu, na haikutaka kusikia habari ya vita vingine barani Afrika. Kwa majuma kadhaa wasemaji wake walikwepa kutamka maneno "mauaji ya kimbari", kwani kuyatamka kungezua swali la hatua za kuchukuliwa.

Ubelgiji nayo iliondoa majeshi yake baada ya wanajeshi wake 10 kuuawa Aprili 7. Wanajeshi wake walipoondoka katika shule ya ufundi ya Kicukiro mnamo Aprili 11, waliacha nyuma watu wapatao 2,000 waliokimbilia hapo. Wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo.

Aprili 21, siku tano kabla ya kura kuanza kupigwa Afrika Kusini, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi cha watu wapatao 2,500 hadi 270.

Si wote waliogeuka. Wanajeshi wa Ghana walikuwa miongoni mwa waliobaki na Dallaire, nao wachache hao waliokoa maelfu. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyewavusha watu vizuizini bila silaha, aliuawa Mei 31.

Nchi jirani hazikuwa na nafasi ya kutazama kando. Mwishoni mwa Aprili, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi. Mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria, na wakazi wa upande wa Uganda wakalazimika kuziopoa na kuzizika.

Juni 1994, akihutubia viongozi wa Afrika mjini Tunis, Mandela aliwaambia kuwa Rwanda ilikuwa karipio kali kwao wote. Rais aliyeapishwa mwezi uliotangulia hakukubali furaha ya kwao ifunike msiba wa wenzao.

Majuto ni mjukuu. Mahakama ya kimataifa iliundwa Novemba 1994 na kuketi Arusha, ambako aliyekuwa waziri mkuu, Jean Kambanda, alifungwa maisha mwaka wa 1998. Bill Clinton alifika Kigali mwaka huo kukiri kwamba ulimwengu haukufanya vya kutosha.

Kofi Annan, aliyesimamia idara ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1994, alikiri mwaka wa 2004 kuwa angeweza kufanya zaidi. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa 2007, na zaidi ya watu 1,100 kuuawa, ndiye aliyekuja Nairobi. Hakuondoka hadi mkataba ulipotiwa sahihi Februari 28, 2008.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Aprili 1994 ulimwengu ulikuwa na macho, na ulichagua pa kuyaelekeza.