Kaka anayeyusha risasi, sisi tunanunua jezi

Wiki hii ligi imesimama kupisha timu za taifa. Unajua inavyokuwa. Makundi ya WhatsApp ya Simba na Yanga yanaishia kutumiana picha za zamani, na mkeka wa mechi za kirafiki za Ulaya unachanika dakika ya 12. Mimi muda huo nimeutumia kugombana na kaka yangu kuhusu samaki.

Naomba univumilie. Sijahama dawati.

Kaka mwenyewe ni mtoto wa mama mkubwa. Amekulia Mwanza, baba yake alikuwa mvuvi wa sangara. Leo anaishi Harrisburg, jimbo la Pennsylvania kule Marekani, anapanga maboksi ghalani zamu ya usiku. Harrisburg ni jirani na Hershey, mji aliokulia Christian Pulisic. Siku kaka anahamia kule nilishangilia. Nikasema nimepata mtu wa kunipa habari za soka la vijana la Marekani kutoka mlangoni. Mpaka leo hajanitumia hata moja. Ananitumia picha za jigi.

Jigi ni kitu kidogo kuliko unavyodhani. Ni kichwa cha risasi, ile madini, kilichomiminiwa kwenye shingo ya ndoana. Nyuma yake unafunga manyoya au nyuzi laini za mpira. Ukiiona mezani bila kuambiwa utadhani hereni ya mtu imedondoka. Ni chambo bandia, na samaki anayetafutwa anaitwa besi. Sio besi ya spika. Kuna besi mdomo mkubwa, anayependa maji yaliyotulia, na besi mdomo mdogo, ambaye ndiye mwenye mito. Huyu wa pili ana rangi ya shaba na macho mekundu, na hasira zake zinazidi kilo zake. Akinasa anaruka juu ya maji kama beki aliyeguswa kidogo ndani ya boksi.

Mto wa kaka unaitwa Susquehanna. Pale Harrisburg ni mpana, una mawe mengi na kina kifupi, wakati wa joto unaingia na miguu yako, maji yanaishia magotini. Akitoka zamu asubuhi anapitia hapo kabla ya kwenda kulala.

Mwanzoni nilimcheka. Nikamwambia huo sio mchezo, huo ni uzee umekuwahi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Akaniambia kule kuna mashindano yanaitwa Bassmaster Classic, yalianza mwaka 1971 kwenye Ziwa Mead, Nevada. Walikuwa wavuvi 24 tu, na mshindi, Bobby Murray, akaondoka na dola 10,000. Siku hizi bingwa anabeba dola 300,000. Wanavaa jezi zilizojaa nembo za wadhamini mpaka hujui rangi ya kitambaa. Mwaka 2004 Mjapani, Takahiro Omori, akawafunga Wamarekani nyumbani kwao.

Sawa, nikakubali ni mchezo. Lakini kilichonifanya niandike sio hizo dola. Ni meza ya kaka.

Jigi hizi zinauzwa madukani, pakiti zimepangwa ukutani kama jezi Kariakoo. Kaka alianza kwa kununua, akazichoka. Akatafuta kalibu ya alumini, vipande viwili vyenye bawaba, na sufuria ndogo ya umeme. Risasi inayeyuka kwenye nyuzijoto 327. Unapanga ndoana kwenye kalibu, unafunga, unamimina, unahesabu sekunde chache, unafungua. Kichwa kimetoka kinang'aa, na mkia wa risasi juu yake unaukata. Kalibu lazima iwe imepashwa moto na iwe kavu kabisa. Tone moja la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke hapo hapo na risasi inakurukia usoni. Anavaa miwani ya fundi na glovu ndefu. Baada ya hapo kichwa kinapashwa moto, kinachovywa kwenye rangi ya unga, kinaokwa kwenye kijioveni ambacho hakipikiwi chakula.

Kisha anabana ndoana kwenye jiliwa ndogo na kufunga manyoya kwa uzi. Anatumia ya mkia wa paa wa kule, au ya sungura, au aina moja laini sana ya manyoya ya ndege ambayo ndani ya maji inapumua yenyewe hata usipoivuta. Wamarekani wanayaita marabou. Nilipolisikia jina nikacheka. Jina hilo limetoka kwa wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, ambao mtu wa Mwanza amewazoea kama kunguru wa Dar. Zamani manyoya yalikuwa yao kweli, siku hizi ni ya bata mzinga, jina limebaki. Kaka amesafiri mabara mawili kwenda kufunga ndoana kwa jina la ndege aliyekuwa anamwibia utumbo wa samaki akiwa mtoto.

Sasa twende kwenye hoja yangu. Jigi zake za kwanza alizitengeneza za gramu 10. Siku ya kwanza akapoteza 19 kwenye mawe. Kumi na tisa! Mimi ningeacha. Yeye alirudi mezani akakaa. Akagundua kosa ni la kwake: kichwa cha duara na kizito kwenye maji ya magoti kinazama moja kwa moja kwenye nyufa za mawe. Akashuka mpaka gramu 3.5. Sasa mkondo ukawa unaibeba jigi juu ya kichwa cha samaki kama krosi iliyozidi. Leo anabeba za 3.5, za 5 na za 7, anabadilisha kila anapofika sehemu yenye kasi tofauti ya maji. Akabadilisha na ndoana, akachukua zenye waya mwembamba. Ikinasa kwenye jiwe unavuta kwa nguvu, ndoana inanyooka, jigi inarudi, unaikunja upya kwa koleo. Manyoya nayo aliyapunguza, kwa sababu yakiwa mengi yanashika maji na jigi inashuka polepole mno.

Na kushuka ndio mchezo wenyewe. Besi mdomo mdogo anajificha nyuma ya jiwe, pale mkondo unapokatika, hataki kuchoka. Anasubiri chakula kipite pembeni, hasa kamba wa mtoni wenye magando. Mvuvi anatupa jigi juu ya mkondo, anaiacha ishuke, igonge chini, anaiinua kidogo, inashuka tena. Mara nyingi samaki anaichukua ikiwa inashuka, na hutasikia kishindo. Unaona mshipi umesogea pembeni kidogo, basi. Ukichelewa nusu sekunde ameshaitema. Kaka anasema ni kama kumwangalia straika anayejificha kwenye bega la beki. Ukitazama mpira tu umefungwa.

Mimi naandika soka. Nusu ya kazi yangu ni kukueleza kwa nini timu yako imefungwa. Nikuambie ukweli? Mara nyingi tunabahatisha. Tunasema mwamuzi, tunasema kocha, tunasema wachezaji hawajitumi, halafu Jumatano tunasema vingine. Na wewe shabiki unavitaka hivyo hivyo, kwa sababu umenunua jezi, umenunua tiketi ya Kwa Mkapa, umenunua bando la kuangalia, umeweka na mkeka, na mtu aliyenunua anataka bidhaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho umekitengeneza. Timu ikifungwa unabaki na hasira tu.

Hatukuwa hivi. Kwenye chandimu mpira tulifunga wenyewe, makaratasi na mifuko ya nailoni, kamba juu. Ukidunda vibaya tulijua nani alifunga kamba upande mmoja. Ukiwa mzito tulijua uliloa jana. Tulikuwa na miaka tisa na tulikuwa wachambuzi bora kuliko mimi wa leo.

Sisemi vifaa vya dukani ni dhambi. Rekodi ya dunia ya besi mdomo mkubwa iliwekwa Georgia tarehe 2 Juni 1932 na George Perry, kijana wa shamba, kwa samaki wa zaidi ya kilo 10. Yeye na rafiki yake walikuwa na chambo bandia kimoja tu, na ndiyo, kilitoka kiwandani. Samaki wa rekodi akapelekwa nyumbani akaliwa. Ilichukua miaka 77 mpaka Mjapani Manabu Kurita akamfikia, Ziwa Biwa, mwaka 2009. Lakini angalia: chambo kimoja. Perry naye alikijua kitu chake.

(Kwa wenzetu wa Kenya wanaosoma hapa: mdomo mkubwa mnaye Naivasha, aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Miaka ya 1970 mkaongeza na kamba wa Louisiana ziwani. Jamaa akaletewa msosi wa kwao mpaka mlangoni.)

Mama mkubwa yeye ana malalamiko ya aina nyingine. Sehemu ile ya Susquehanna, besi ukimvua unamrudisha majini. Mwaka 2005 ugonjwa uliua besi wachanga wengi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 sheria ni kuwarudisha. Kaka alipomweleza kwenye simu, mama akanyamaza kidogo, akauliza: "Mwanangu, unamvua, unamtazama, unamwachia? Huko mnakula nini?"

Ugomvi wetu ulianza na video ya Jumapili. Kaka anamimina risasi ndani ya banda la gari, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Nyuma yake, ukutani, kuna baiskeli ndogo ya rangi ya waridi. Ana binti wa miaka mitatu.

Nikampigia. Nikamwambia kaka, hapo umejifunga mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaingia kwa vumbi, kwa mikono, kwa nguo za baba, na inaharibu ubongo. Nikamkumbusha Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ambako mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa yaliyowapata. Akaniambia, "Dogo, mzee alikuwa anayeyushia machubwi kwenye kopo, juu ya jiko la mkaa, jikoni kwa mama. Na sisi tumekufa?"

Nikamwambia hatujafa, ila hatujui tungekuwa na akili kiasi gani. Alikata simu.

Siku mbili kimya. Nikamtumia mengine. Uingereza walipiga marufuku vizito vya risasi vya wavuvi mwaka 1987 kwa sababu ya bata maji waliokuwa wakivimeza. New Hampshire kuna ndege wa ziwani anaitwa loon, anameza jigi na vizito vya risasi anakufa, na tangu 2016 jigi za risasi za wakia moja kushuka chini haziruhusiwi kule kwenye maji baridi. Zile jigi 19 ziko wapi sasa hivi, kaka? Akajibu neno moja: mtoni. Baada ya saa nzima akaongeza kwamba sheria ya New Hampshire haifiki Harrisburg. Ndiyo, haifiki. Baiskeli ya waridi lakini iko palepale.

Tatizo lake nalielewa. Tangsteni ni nzito kuliko risasi lakini inayeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 3,400, huwezi kuimwaga nyumbani. Ungerudi dukani kununua, na meza yote ile ingekuwa mapambo. Kilichobaki ni bismathi, na stani, ile ya mafundi redio. Zote zinayeyuka kwa moto mdogo kuliko risasi na kalibu ni ile ile. Lakini bei imesimama, na ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha gramu zile zile kinatoka kikubwa zaidi na kinashuka taratibu. Hesabu zote alizozilipia kwa jigi 19 zinaanza upya. Mtu yeyote aliyewahi kubadilishiwa mfumo katikati ya msimu anajua uchungu huo.

Juzi usiku picha imeingia. Jigi kumi mezani, mchanganyiko wa bismathi na stani, mbaya kwelikweli, mbili zina mashimo kichwani. Meza imehamia uani, nje ya nyumba. Sufuria ya risasi bado naiona kwenye rafu, na nilipouliza akasema ni ya kumalizia zilizobaki. Hatujamaliza hilo.

Asubuhi akatuma ujumbe mwingine. Amepoteza sita. Moja ilipasuka kwenye jiwe, maana bismathi ni kama kigae. Amepata besi mmoja, mdogo, amemrudisha. Anasema kichwa kikipunguzwa upana kwa mbele kitapita kwenye mawe, atalichonga kalibu Jumamosi. Halafu akauliza derby ni lini.