Wasafiri waelezwe siku zao za viza

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua wananchi wengi wanaokwenda ng'ambo kuwatembelea watoto wao. Jambo lenyewe ni kuongeza muda wa viza ya matembezi, pale siku zinapokaribia kwisha na shughuli iliyompeleka mtu haijamalizika.

Mimi ni mama na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Olbalbal, Wilaya ya Ngorongoro. Hapa kwetu wageni tunawaona kila siku wakipita kwenda Oldupai na Serengeti. Neno viza tunalisikia sana, lakini tumezoea kuliona kuwa ni jambo la wale wanaokuja, siyo la sisi tunaokwenda. Mwaka 2024 ikawa zamu yangu. Binti yangu aliyeolewa Ujerumani alikaribia kujifungua, akaniomba niende nikamsaidie kulea.

Nilipata pasipoti kwa shilingi 150,000, nikasafiri hadi Dar es Salaam kuomba viza. Nililipa ada ya Yuro 90 na kukata bima ya matibabu ya Yuro 30,000, ambayo ndiyo kima cha chini kinachotakiwa. Viza ilipotoka nikaona imeandikwa tarehe mbili, ya kuanzia na ya mwisho, na kati yake ilikuwa miezi sita. Nikawaaga majirani kwamba tutaonana baada ya miezi sita.

Kumbe nilikuwa nimesoma nusu tu. Kwenye karatasi ile ile palikuwa na namba nyingine, 90. Zile tarehe mbili zinaonyesha kipindi ambacho viza yaweza kutumika. Namba 90 ndiyo siku unazoruhusiwa kukaa. Nchi 29 za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen zinahesabu pamoja: mgeni wa matembezi haruhusiwi kuzidisha siku 90 katika kila siku 180, hata akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa.

Mimi sikujua. Binti yangu alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikaharibika, akarudishwa hospitali, na mimi nikabaki na mtoto mchanga. Siku moja alikuja kutuona kijana mmoja wa Kajiado, Kenya, aliyeishi huko miaka mingi. Akaniuliza, "Yeyo, uliingia lini?" Nilipomweleza akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu kimya kimya, kisha akasema, "Umebakiwa na siku tisa." Usiku ule sikulala. Mjukuu alikuwa mikononi, mama yake yuko kitandani hospitali, na mimi karibu nageuka mkosaji katika nchi ya watu.

Asubuhi yake nilikwenda na mkwe wangu katika ofisi ya mji ule inayoshughulikia wageni. Tulichukua pasipoti, barua ya daktari, bima iliyoongezwa muda, tiketi ya kurudi iliyobadilishwa tarehe na uthibitisho wa mahali ninapolala. Nilielezwa kwamba viza ya matembezi haiongezwi kwa sababu mtu ameipenda nchi au hajamaliza kutembea. Inaongezwa kwa dharura isiyozuilika, kwa sababu za kibinadamu, au kwa jambo zito la mtu binafsi. Kwa zile mbili za kwanza hakuna ada, kwa ile ya tatu ada ni Yuro 30. Mimi nililipa hizo 30, nikapewa siku 21, na niliondoka kabla hazijakwisha. Kilichoniokoa ni kwamba nilifika mapema, siku zangu zikiwa bado hai. Ningefika siku ya tisini na moja, ningekuwa naomba msamaha badala ya kuomba ruhusa.

Ndugu Mhariri, wapo Watanzania wenzetu huko walionishauri nisijisumbue. Walisema, "Mama, kaa tu, nani atakujua?" Huo si ushauri mwema. Anayezidisha siku anaweza kutozwa faini au kupigwa marufuku kurudi, na hapo mjukuu atamwona kwenye picha tu. Zaidi ya hayo, kila anayekaa bila ruhusa anamharibia njia yule anayekuja nyuma yake kuomba viza. Siku hizi hata kujificha ni vigumu, maana tangu Oktoba 12, 2025 nchi hizo zilianza kuweka mfumo wa kompyuta unaochukua picha na alama za vidole mpakani na kuhesabu siku wenyewe.

Nimejiuliza kwa nini kosa hili ni jepesi kwetu. Nadhani sababu moja ni mazoea ya jirani. Vijana wetu wakivuka Namanga kwenda Kenya, utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unawaruhusu kukaa hadi miezi sita, nasi tunadhani dunia nzima iko hivyo. Uingereza nayo kwa kawaida humpa mgeni miezi sita. Ukitoka hapo ukaingia Ujerumani na hesabu hiyo hiyo, umepotea.

Wala tusiwaone wenzetu kuwa ni wakali. Na sisi hapa Tanzania mgeni wa matembezi hupewa muda usiozidi siku 90, na viza yake hiyo haimruhusu kufanya kazi. Tukitaka mgeni wetu aheshimu sheria yetu, nasi tuheshimu ya kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake kila ugeni una kipimo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwananchi anapokabidhiwa pasipoti apewe pia karatasi moja ya Kiswahili chepesi, inayomweleza jinsi ya kusoma viza, tofauti ya tarehe za viza na siku za kukaa, na kwamba maombi ya kuongeza muda hupelekwa kabla siku hazijakwisha. Pili, maelezo hayo yabandikwe katika ofisi za kata na yasomwe redioni, maana mama wa Olbalbal hawezi kufunga safari hadi Arusha mjini kwa ajili ya kuuliza swali moja.

Nasi wasafiri tuna wajibu wetu. Kwetu mfugaji husimama langoni jioni akiangalia ng'ombe wanavyoingia bomani, na akikosekana ndama mmoja hujua pale pale, hangoji kesho kutwa. Siku za viza tuzilinde namna hiyo. Ukishuka tu kwenye ndege, andika tarehe, hesabu siku ya mwisho, na mwambie mwenyeji wako. Ukiona jambo zito limetokea, nenda ofisini wiki mbili kabla.

Mjukuu wangu sasa anatembea, na mama yake amepona. Nikijaliwa nitakwenda tena kuwaona, na nitaingia kwa mlango ule ule bila hofu. Namwombea kila mzazi apate bahati hiyo bila kungoja kijana wa Kajiado apite na kalenda.

Mwalimu Mstaafu,
Olbalbal, Ngorongoro.