"Wewe bado mdogo" si kipimo cha uvimbe

Kila Oktoba tunavaa riboni za pinki, tunapiga picha, tunaambiana "jipapase". Sawa. Lakini ukijipapasa ukapata kinundu, unafanya nini? Hapo ndipo stori hukatikia.

Huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, msichana wa miaka 22 akisema ana uvimbe kwenye titi, ataambiwa: "Wewe bado mdogo, utaisha wenyewe." Na kweli, katika umri huo mara nyingi huwa ni fibroadenoma, ambayo si saratani. Shida ni kwamba kuna uvimbe mwingine unaofanana nayo kama pacha: filodesi.

Filodesi ni nadra. Haufiki hata asilimia 1 ya uvimbe wote wa matiti. Ukiugusa, ni wa mviringo na unateleza, na mara nyingi hauumi. Hata kwenye ultrasaundi unaweza kudhaniwa ni fibroadenoma. Mamografia nayo haioni vizuri ndani ya titi la kijana. Kinachoufichua mara nyingi ni mbio zake: leo kama korosho, miezi michache baadaye kama chungwa. Hapo picha pekee haitoshi. Inabidi sindano itoe kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Hiyo ndiyo biopsi, wala si kukatwa titi kama tunavyotishana.

Mbona tusumbuke kujua jina? Kwa sababu tiba ni tofauti. Fibroadenoma ndogo yaweza kuachwa huku ikifuatiliwa. Filodesi hukatwa, tena mara nyingi pamoja na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa. Usipoondolewa wote huweza kurudi, hata ule usio saratani. Ule mkali huweza kufika mapafuni.

Kwa hivyo, vijana wenzangu, tusiridhike na "utaisha". Muulize daktari: picha imeonyesha nini? Nahitaji biopsi? Nirudi lini? Ripoti usiitupe, uvimbe ukikua, hiyo ndiyo ushahidi wako. Na nyinyi mabroo msicheke, wanaume pia hupata saratani ya matiti.

Nayo kaunti ya Kilifi ihakikishe kipande cha nyama ndicho kinachosafiri kwenda maabara, si mgonjwa kuhangaika na nauli ya matatu hadi Mombasa. Kujipapasa tumeshafunzwa. Sasa tunataka majibu.