Mzee akifika Kasulu mjini, akae wapi na wenzake?

Wazee wengi wa vijijini huja Kasulu mjini kwa matibabu, soko au ibada, kisha hurudi nyumbani. Nafasi ya kukaa, kucheza bao na kuzungumza na wenzao ni ndogo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Lakini burudani inahitaji nauli. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii, wakati huo Sh 20,000 kwa mwezi. Bara, TASAF husaidia kaya maskini tu. Wengine hushika jembe mpaka nguvu ziishe.

Msikilizaji, muulize mwenyekiti wako: baraza la wazee hukutana lini, na wapi?