Mafunzo ya walimu kuhusu teknolojia darasani

Mafunzo ya walimu kuhusu teknolojia darasani ni mafunzo yanayowapa walimu walio kazini ujuzi wa kutumia kompyuta, vishikwambi, projekta, redio, simu na intaneti katika kufundisha na kupima wanafunzi. Ni sehemu ya maendeleo endelevu ya kitaaluma, yaani mafunzo ambayo mwalimu huendelea kupata baada ya kuhitimu chuo na kuajiriwa.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili lilipata uzito mkubwa baada ya mwaka 2013. Serikali zilianza kununua vifaa vya kidijitali kwa wingi, na kila mara swali lilelile likafuata: ni nani aliyemwandaa mwalimu kuvitumia? Uzoefu wa Kenya na Tanzania unaonyesha kwamba kununua vifaa ni hatua nyepesi kuliko kubadilisha somo lenyewe.

Ujuzi unaohitajika

Kuna tofauti kati ya kujua kuendesha kifaa na kujua kufundisha kwa kifaa hicho. Mwalimu anaweza kuwa hodari wa kutumia simu, kutuma picha na kulipa ankara, lakini asijue video ya mapigo ya moyo iingie sehemu gani ya somo la biolojia, isimamishwe wapi ili wanafunzi waulizwe swali, na lini ni bora kuiacha na kuchora ubaoni.

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu Mmarekani Lee Shulman alieleza kwamba mwalimu ana ujuzi wa pekee unaounganisha maarifa ya somo na mbinu za kulifundisha. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza teknolojia kama upande wa tatu. Kwa maoni yao, pande hizo tatu hazifundishwi vizuri zikitenganishwa: kozi ya kompyuta isiyogusa somo la mwalimu humpa ujuzi ambao hapati mahali pa kuutumia.

Shirika la UNESCO lilitoa mfumo wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu mwaka 2008, likaurekebisha mwaka 2011 na tena 2018. Toleo la tatu lina umahiri 18, uliopangwa katika nyanja sita na ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kupata maarifa, ya pili kuyaongeza, na ya tatu kuunda maarifa mapya pamoja na wanafunzi. Kutumia vifaa ni nyanja moja tu kati ya sita. Nyingine zinahusu sera, mtaala na upimaji, mbinu za kufundishia, uendeshaji wa shule, na mwalimu kujiendeleza mwenyewe.

Kenya

Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee ulioongozwa na Uhuru Kenyatta na William Ruto uliahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ilikwama mwaka 2014 kutokana na mgogoro wa kisheria. Mpango ukapangwa upya kama mradi wa ujuzi wa kidijitali, na vipakatalishi vikabadilishwa kuwa vishikwambi. Baada ya majaribio katika shule 150 mwaka 2016, vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata pia vifaa vya walimu, projekta na seva ya kuhifadhi masomo. Shule nyingi ziliunganishwa na umeme kwa ajili ya mradi huo, na zile zilizo mbali na gridi zikafungiwa umeme wa jua.

Makumi ya maelfu ya walimu walipewa mafunzo. Hata hivyo kila shule ilipata vifaa vichache vya walimu, na mafunzo yalikuwa ya siku chache. Walimu waliorudi shuleni walitarajiwa kuwafundisha wenzao. Palipokuwa na mwalimu mkuu aliyepanga ratiba na kutenga muda, vifaa vilitumika. Mahali pengine vilifungiwa kabatini, mara nyingi kwa hofu ya wizi, kwa kuwa mwalimu mkuu ndiye angeulizwa kifaa kikipotea. Kifaa kilichotunzwa hivyo hakikupotea wala kuvunjika, lakini pia hakikumfundisha mtoto yeyote.

Suala hilo liliongezeka uzito mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019. Mtaala huo unataja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja kati ya umilisi saba wa msingi. Hivyo kile kilichokuwa ahadi ya kisiasa kikawa wajibu wa kila mwalimu wa darasa.

Utafiti wa Kisumu

Kenya ina mfano unaosaidia kujibu swali la nani apewe kifaa kwanza. Katika eneo la Kisumu, mradi wa kukuza usomaji wa madarasa ya awali ulilinganisha njia tatu. Katika kundi la kwanza vishikwambi vilipewa washauri wa walimu, yaani maafisa wanaotembelea shule na kuwashauri walimu. Katika kundi la pili vilipewa walimu. Katika la tatu wanafunzi wenyewe walipewa visomeo vya kielektroniki. Shule zote hizo zilipata pia vitabu, viongozi vya mwalimu na ziara za washauri.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko shule ambazo hazikushiriki. Lakini tofauti kati ya makundi hayo hazikuwa kubwa, ilhali gharama zilitofautiana sana: kumpa kila mtoto kifaa kuligharimu zaidi kuliko kumpa mshauri mmoja anayehudumia shule nyingi. Kwa kila shilingi iliyotumika, faida kubwa ilitokana na vitabu na ushauri wa mara kwa mara, na vifaa viliongeza kidogo juu yake.

Programu ya Tusome, iliyoanza mwaka 2015, ilifuata mwelekeo huo kwa nchi nzima. Washauri walipewa vishikwambi vya kurekodi somo walilolitazama, kupima usomaji wa wanafunzi wachache na kumpa mwalimu maoni papo hapo. Mwalimu hakuhitaji kuwa na kifaa. Teknolojia ilimfikia kupitia mtu aliyekaa darasani mwake na kuzungumza naye baada ya kipindi.

Matokeo hayo hayapingani na yale ya Peru, nchi iliyogawa kompyuta ndogo za mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Utafiti katika shule 319 za vijijini, uliochapishwa mwaka 2012, haukuona maendeleo katika alama za hisabati na lugha. Kompyuta zilifika, lakini ufundishaji darasani ulibaki karibu kama ulivyokuwa.

Tanzania

Tanzania ilianza upande wa vyuo. Kuanzia miaka ya katikati ya 2000 vyuo vya ualimu vya serikali vilipata kompyuta kwa msaada wa Uswidi, na mwaka 2007 ikatolewa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Wakufunzi na wanachuo walipata ujuzi wa kompyuta, lakini wengi wa wahitimu waliajiriwa katika shule zisizo na kompyuta wala umeme, na ujuzi usiotumika hufifia.

Hali ilibadilika baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vigawiwe kwa walimu, na zaidi ya 200,000 vikaelekezwa shuleni. Hapa mpangilio ulikuwa kinyume cha ule wa Kenya: kifaa kilimwendea mwalimu, si mwanafunzi. Mwalimu aliweza kukitumia kusoma mtaala, kuandaa andalio la somo na kuingia katika mfumo wa kujifunzia mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mafunzo yenyewe yamewekwa chini ya utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA. Msingi wake ni jumuiya za ujifunzaji: walimu wa shule moja hukutana kwa ratiba, huchagua mada inayowasumbua, huandaa somo pamoja, hutazamana wakifundisha na kujadili kilichotokea. Shule jirani hukutana katika klasta, na vituo vya walimu hutumika kwa mikutano mikubwa zaidi. Mradi wa BOOST, uliopata mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, unagharimia pia mafunzo ya aina hii katika elimu ya msingi.

Utaratibu huu una nguvu kwa sababu hauhitaji mwalimu kuondoka kituoni kwake, na mwenzake yupo siku ya pili kifaa kinapokataa kuwaka. Udhaifu wake ni kwamba ubora hutegemea uongozi wa shule. Jumuiya ikiwa na mwezeshaji mzuri hujadili ufundishaji. Isipokuwa naye, kikao hugeuka kuwa cha kutia saini mahudhurio.

Semina na mafunzo shuleni

Njia iliyozoeleka ni ya ngazi: wataalamu wa taifa huwafunza wawezeshaji wa mikoa, hao huwafunza wa wilaya, na wa wilaya huwafunza wawakilishi wa shule. Faida yake ni kuwafikia watu wengi kwa muda mfupi. Hasara yake ni kwamba maarifa hupungua kila yanaposhuka ngazi moja. Anayefika shuleni mwishoni mara nyingi amebaki na maelezo ya vitufe, kwa kuwa hayo ndiyo rahisi kupokezana. Sababu za kutumia kifaa katika somo fulani zimepotea njiani.

Mafunzo ya shuleni huchukua muda mrefu na hayana sherehe ya kufungua na kufunga. Hata hivyo mwalimu hujaribu jambo moja, huliona likifaulu au kushindikana mbele ya wanafunzi wake, kisha hurudi kwa wenzake. Kwa darasa lenye wanafunzi 80 na projekta moja, swali la jinsi ya kuwapanga watoto ni zito kuliko swali la programu ipi itumike, na jibu lake hupatikana katika darasa hilo.

Nani analipa?

Nchini Kenya, Tume ya Huduma kwa Walimu ilizindua mwaka 2021 moduli za maendeleo ya kitaaluma. Zilipangwa ziwe sita, kila moja ikichukua hadi miaka mitano, na taasisi nne zikateuliwa kuzitoa. Mwalimu alitakiwa kulipa mwenyewe hadi shilingi 6,000 kwa mwaka. Waliounga mkono walisema madaktari na wanasheria nao hugharimia kujiendeleza kwao. Waliopinga walijibu kwamba mwajiri wa walimu wengi ni serikali, na ndiyo iliyobadilisha mtaala, hivyo haifai mwalimu alipie mafunzo ya kazi aliyobadilishiwa.

Nchini Tanzania kifaa kilitolewa bure, lakini matumizi yake yana gharama zisizoonekana. Mahali ambapo shule haina intaneti, mwalimu hununua bando kwa fedha zake. Pasipo umeme, huchaji nyumbani au dukani. Muda nao ni gharama: mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha hulazimika kujifunza jioni, wakati ambao kwa walimu wengi wanawake ni wa majukumu ya nyumbani.

Utegemezi wa wafadhili ni tatizo jingine. Shirika la USAID, lililogharimia Tusome na miradi mingine ya elimu, lilifungwa na serikali ya Marekani mwaka 2025. Mafunzo yasiyo na fungu katika bajeti ya nchi huweza kukatika kwa uamuzi uliofanywa mbali na shule.

Lugha ya vifaa

Shule za msingi za umma nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sehemu kubwa ya video, programu na maelekezo yaliyopo mtandaoni ni ya Kiingereza. Mwalimu hubeba kazi mbili: kutafsiri na kufundisha. Taasisi za mitaala za nchi zote mbili zimetengeneza maudhui yao, lakini mahitaji ni makubwa. Kwa hiyo uwezo wa kutengeneza nyenzo rahisi, kwa mfano kurekodi sauti ya hadithi kwa simu, una faida ya moja kwa moja kwa mwalimu wa madarasa ya awali.

Akili bandia

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu za akili bandia, ziitwazo pia akili unde au akili mnemba, zimewafikia wanafunzi kabla walimu wengi hawajapata mafunzo juu yake. Mwaka 2024 UNESCO ilitoa mfumo wa umahiri wa akili bandia kwa walimu. Kwa mwalimu, programu hizi zinaweza kupunguza kazi ya kuandaa maswali na maandalio ya somo. Lakini hutoa pia majibu yasiyo sahihi kwa lugha ya kujiamini, na mwanafunzi anaweza kuwasilisha insha ambayo hakuiandika. Mwalimu asiyezijua hawezi kuyatambua makosa hayo wala kubadilisha aina ya kazi anazotoa.

Hali ya sasa

Ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani ya mwaka 2023 ilieleza kwamba ni takriban nusu tu ya nchi zilizo na viwango vya ujuzi wa TEHAMA kwa walimu. Afrika ya Mashariki imeshapiga hatua katika sera na vifaa, na mitaala mipya, ukiwemo wa Tanzania ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, inazidi kumtegemea mwalimu mwenye ujuzi huo.

Mafanikio bado hupimwa zaidi kwa idadi ya vifaa vilivyogawiwa na walimu waliohudhuria semina, kwa sababu takwimu hizo ni rahisi kukusanya. Idadi hizo hazionyeshi kama somo limebadilika. Mfano wa Kisumu na ule wa jumuiya za ujifunzaji huelekeza kipimo kingine: ni mara ngapi mwalimu ametazamwa akifundisha, amepewa maoni gani, na wanafunzi wake wanaweza kusoma au kukokotoa nini baada ya muhula.