Tuache Kumsingizia Mama Mjamzito Ujinga

Kila msimu wa tasnifu ufikapo, mezani kwangu hutua kazi tatu au nne zenye kichwa kimoja: uelewa wa wanawake wa vijijini kuhusu kliniki ya wajawazito. Hitimisho nalijua kabla sijafunua ukurasa wa kwanza: uelewa ni mdogo, elimu itolewe. Kwa miaka mingi nimezipa kazi hizo alama nzuri. Leo natubu hadharani, kwa kuwa nimeshiriki kueneza uongo.

Tuanze na takwimu za Serikali yenyewe. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 98 ya wanawake waliojifungua Tanzania walipata huduma ya kliniki angalau mara moja. Waliofikisha mahudhurio manne walikuwa asilimia 51 tu: mjini 64, kijijini 45. Walioanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo hawakuzidi robo. Utafiti wa 2022 ulileta nafuu, kwani waliofikisha manne walipanda hadi asilimia 65. Hata hivyo, tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza likiwa kabla ya wiki ya 12 kumalizika.

Ndugu msomaji, zisome tena namba hizo. Asiyeijua kliniki hafiki hata mara moja. Hao walifika, kisha wakapungua njiani. Swali la haki, basi, ni hili: walipofika walikuta nini?

Binamu yangu alikwenda zahanati akiwa na mimba ya miezi miwili, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Akaambiwa arudi na mume. Mume yuko machimboni. Basi alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akataka fedha ya mhuri. Aliporudi, mimba ilikuwa ya miezi saba na shinikizo la damu limekwishapanda. Yeye alinusurika, mtoto hakunusurika. Kwenye kadi yake iliandikwa kwamba alichelewa kuanza. Sisemi kuwa hudhurio la mwezi wa pili lingemwokoa mtoto yule. Nasema mama alinyimwa nafasi. Na katika tasnifu ya mwanafunzi wangu, mwanamke huyo angehesabiwa miongoni mwa wenye uelewa mdogo.

Nia ya kuwashirikisha wanaume ni njema, kwani wenza wakipima VVU na kaswende pamoja wote hufaidika. Lakini mwaliko kwa mume ukigeuzwa kuwa kitasa mlangoni, anayefungiwa nje ni mama na kilichomo tumboni.

Mtaniuliza: na mjini je, ambako zahanati iko jirani? Huko ndiko hoja ya ujinga inakoanguka kabisa. Redio zipo, mabango yapo, simu zipo, na bado mwaka ule zaidi ya theluthi moja hawakufikisha mahudhurio manne. Mama ntilie anayepanga foleni tangu alfajiri hadi saa saba mchana amepoteza mtaji wa siku. Mtumishi wa ndani haombi ruhusa mara nane na kubaki na kazi. Hao hawakosi habari. Wanapiga hesabu kama sisi sote.

Siikatai elimu. Wapo wanaoficha mimba changa kwa kuogopa husuda, na mficha uchi hazai. Wanastahili kuelezwa kwa nini vidonge vya kuongeza damu, kipimo cha kaswende na kipimo cha shinikizo la damu havingoji tumbo lionekane. Lakini kumhubiria mtu aje mapema, kisha akija kukosekana vitendanishi, au kuagizwa glovu katika huduma tuliyoitangaza kuwa ya bure, ni kumdhihaki. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mjadala wa uelewa mdogo unawafaa sana wasiotaka kuulizwa juu ya ahadi hiyo.

Wanafunzi wangu, mwaka huu msiniletee dodoso la kumpima mama. Ipimeni zahanati: siku ngapi kwa mwezi haina vipimo, wanawake wangapi wamerudishwa, na kwa sababu gani. Wanaharakati, punguzeni fulana na maandamano ya siku moja. Simameni mlangoni mwa kliniki mhesabu wanaoondoka bila huduma. Nanyi watumishi wa umma, andikeni waraka wa sentensi moja na kuusimamia: hakuna mjamzito atakayerudishwa kwa kukosa mume wala barua.

Mama alikwishafika. Sisi ndio tuliochelewa.